Maabara ya Mbali Haidumu Bila Daftari



Huenda mwanao amemaliza shule ya sekondari na sasa yuko Nairobi, anasomea ufundi wa umeme au wa kompyuta. Amepanga chumba Kibera, au Kawangware katika sehemu ile wenyeji wanayoiita Kongo. Kila muhula wewe huuza maziwa, viazi, au hata ndama dume ili karo ipatikane. Kisha siku moja anakupigia simu na kukuambia kwamba somo la juma hili ni kupima unyevu wa udongo, lakini udongo wenyewe hajaugusa. Yeye yuko chumbani mwake Kongo na simu mkononi. Udongo umo katika kisanduku juu ya meza ya chuo, upande mwingine wa mji.

Usidhani kwamba amekudanganya, wala usiseme kwamba karo yako imepotea. Hiyo ndiyo inayoitwa maabara ya mbali. Makala haya yataeleza namna inavyofanya kazi, faida yake na upungufu wake. Tena yataeleza jambo moja ambalo likikosekana maabara hiyo hufa mara tu fundi wake anapohama. Jambo hilo ni daftari, nawe mkulima unalijua kuliko unavyofikiri.

INTANETI YA VITU NI NINI?

Simu yako huzungumza na simu nyingine. Intaneti ya Vitu ni kuvipa vitu vingine nafasi hiyo hiyo: pampu, tangi la maji, kipimo cha joto, au kisanduku cha udongo. Jina hilo lilitolewa mwaka 1999 na Mwingereza aitwaye Kevin Ashton.

Kila kitu cha namna hii kina sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi, yaani kifaa kinachohisi joto, mwanga, au unyevu. Ya pili ni kibao chenye kompyuta ndogo ndani yake. Kibao kinachotumiwa sana na wanafunzi huitwa ESP32. Kilianza kuuzwa mwaka 2016, hutoshea katika kiganja, na kina redio yake ya Wi-Fi. Ya tatu ni njia ya kupelekea habari.

Njia hiyo ya kupelekea habari yafaa uielewe, maana ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Fikiri juu ya ubao wa matangazo katika ofisi ya chama cha ushirika. Karani hubandika habari za maziwa chini ya kichwa "Maziwa", na habari za mbegu chini ya kichwa "Mbegu". Anayetaka habari za maziwa husoma pale tu, wala si lazima ajuane na aliyebandika. Vifaa hivi vina ubao kama huo, na kanuni yake huitwa MQTT. Ilitungwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper, kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti. Kupeleka habari kwa setilaiti kulikuwa ghali, kwa hiyo waliufanya ujumbe kuwa mfupi sana. Ufupi huo leo humsaidia mwanafunzi wa Kibera mwenye bando dogo.

Mambo haya hayako mbali na mashamba yetu. Watu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kule Nyeri, wametumia vifaa vya aina hii kupima kina cha maji mitoni katika bonde la juu la Ewaso Nyiro. Mkulima yeyote anayetegemea mfereji kutoka mto huo ajua thamani ya kupata habari kwamba maji yanapungua kabla hayajakauka.

NAMNA MAABARA YA MBALI INAVYOFANYA KAZI

Ukitaka kujua udongo wako unahitaji chokaa au mbolea gani, huchukui mashine za maabara ya Kabete kuzileta shambani kwako. Wachukua sampuli ya udongo, waitia katika mfuko safi, waandika jina lako na namba ya shamba, kisha waipeleka. Baadaye hupata karatasi ya majibu. Mashine ni moja, wakulima ni wengi, na kila mmoja hupata zamu yake.

Maabara ya mbali hufuata desturi hiyo, ila kinachosafiri si udongo bali ni maagizo. Chukua mfano huu. Juu ya meza ya chuo pana kisanduku cha udongo, kihisi cha unyevu kimechomekwa ndani yake, pampu ndogo ya maji, kibao cha ESP32, na kamera inayotazama vyote. Mwanafunzi aliye Kongo huandika programu: "Pima unyevu kila baada ya dakika moja, udongo ukikauka kupita kiasi hiki, washa pampu kwa sekunde tano." Huipeleka programu hiyo kwa njia ya intaneti. Kompyuta ya chuo humweka katika foleni. Zamu yake ikifika, programu yake huingizwa katika kibao, naye huona kwa kamera kama pampu imewaka, na huona namba za unyevu zikibadilika. Zamu ikiisha, mwenzake wa Kibera huingia.

Jambo hili halikuanza jana. Katika chuo kiitwacho MIT huko Marekani, Profesa Jesús del Alamo aliwafungulia wanafunzi wake maabara ya namna hii mwaka 1998, wapate kupima sehemu ndogo ndogo za umeme wakiwa vyumbani mwao. Katika miaka ya 2000 kazi hiyo, iliyoitwa iLab, ililetwa Afrika kwa msaada wa shirika la Carnegie la New York. Vyuo vitatu viliingia: Makerere cha Uganda, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Obafemi Awolowo cha Nigeria. Vyuo hivyo havikuridhika kutazama mashine za Marekani tu. Pale Makerere walijenga majaribio yao wenyewe kwa ajili ya masomo ya umeme.

Ugumu wao mkubwa ulikuwa intaneti. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki haikuwa na waya wa baharini wa kubeba habari, na vyuo vilitegemea setilaiti iliyokuwa ghali na yenye kwenda polepole. Mwaka huo ndipo nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani yetu. Hata hivyo walikwisha kujifunza somo jema: mwanafunzi aandike maagizo yote kwanza, ayapeleke mara moja, kisha angoje majibu. Njia hiyo haitaki intaneti ya nguvu.

FAIDA YAKE

Faida ya kwanza ni kwamba kifaa kimoja hutumika usiku na mchana. Maabara ya kawaida hufungwa jioni, mlinzi akabaki na funguo. Jaribio la dakika tatu, likifanywa mfululizo bila kupumzika, laweza kuwapa zamu watu 20 kwa saa moja. Ni sawa na trekta la ushirika: mkulima mmoja hawezi kulinunua, lakini wakipangiana zamu vizuri kila mtu hulima kwa wakati.

Faida ya pili ni kwamba masomo hayakatiki njia zikifungwa. Tarehe 15 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule na vyuo kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2021. Mwanafunzi wa historia aliweza kusoma vitabu nyumbani. Lakini mwanafunzi wa ufundi, ambaye chuo chake hakikuwa na maabara ya mbali, alikaa bila vifaa.

Faida ya tatu ni kwamba umaskini wa mtaa haumzuii mwenye bidii. Pale Kibera Taasisi ya Tunapanda hufundisha vijana kazi za kompyuta, nayo imejenga mtandao wa jamii uitwao TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa antena zilizowekwa juu ya majengo. Mahali penye mtandao wa namna hiyo mwanafunzi aweza kuifikia meza ya maabara bila kulipa nauli ya matatu. Tena ujumbe wa kipimo cha unyevu ni herufi chache tu. Kinachokula bando ni picha za kamera. Chuo chenye busara huweka nafasi ya kuchagua picha moja moja badala ya picha zinazokwenda mfululizo.

UPUNGUFU WAKE

Si haki kukusifia jambo bila kukueleza upungufu wake. Hakuna mtu aliyejifunza kukamua ng'ombe kwa kumtazama mwenzake akikamua. Maabara ya mbali haimfundishi mwanao kulehemu waya, wala kutambua kwa kidole kwamba kifaa kimepata moto kupita kiasi, wala kunusa harufu ya waya unaoungua. Kwa hiyo maabara ya mbali iwe nyongeza ya maabara ya mikono, isiwe badala yake. Chuo kitakachokuambia kwamba kamera yatosha kwa miaka yote ya masomo, kiulize maswali.

JAMBO LILILO KUBWA: DAFTARI

Unajua josho la ng'ombe. Kila maji yanapoongezwa, na kila dawa inapoongezwa, msimamizi huandika katika kitabu: tarehe, kiasi cha maji, kiasi cha dawa, na idadi ya ng'ombe waliopita. Kitabu hicho kikipotea, hakuna ajuaye nguvu ya dawa iliyobaki josholini. Ikiwa hafifu, kupe hawafi. Ikiwa kali mno, ng'ombe huumia. Josho lenyewe ni zima, saruji haina ufa, lakini limekuwa hatari kwa sababu ya kukosa maandishi tu.

Maabara ya mbali ni vivyo hivyo. Mara nyingi hujengwa na mwalimu mmoja hodari au wanafunzi wawili watatu wa mwaka wa mwisho. Wao wanajua kila waya. Kisha wanafunzi wanahitimu, mwalimu anapata kazi kwingine, na siku moja pampu haiwaki. Aliyebaki afungua kisanduku, aona nyaya za rangi tano, na hajui hata mmoja unakwenda wapi. Basi anafunga kisanduku, anakifunika kwa kitambaa, na wanafunzi wa mwaka unaofuata hawana maabara. Fedha zilizonunua vifaa vile zilikuwa za karo na kodi, yaani jasho lako.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba somo lisiloandikwa katika kitabu cha matayarisho haliwezi kushikwa na mwalimu mwingine. Na haya ndiyo mambo ambayo daftari la maabara ya mbali lapasa kuwa nayo:

1. Orodha ya vifaa. Jina la kila kifaa, aina yake, tarehe ya kununuliwa, bei, na mahali kiliponunuliwa. Kikiharibika, mtu ajue la kuagiza.

2. Mchoro wa nyaya. Kila waya uandikwe rangi yake, unatoka mguu gani na unafika mguu gani wa kibao. Usidhani ni jambo dogo. Kibao cha ESP32 kina miguu mingi inayoweza kupima, lakini baadhi yake, kama namba 25, 26 na 27, haipimi wakati redio ya Wi-Fi inatumika. Miguu namba 32 mpaka 39 haina taabu hiyo. Fundi mgeni asiyeambiwa hivyo aweza kuchomeka kihisi kizima katika mguu usiofaa, asipate kipimo, akakitupa kihisi akidhani kimekufa.

3. Kipimo cha kusawazisha. Kihisi cha unyevu hakitoi jibu la "kavu" au "majimaji". Hutoa namba, na kwa kibao hiki namba zaanzia 0 mpaka 4095. Katika vihisi vingi vya bei nafuu namba kubwa maana yake ni ukavu. Tuseme kihisi cha kwanza kilitoa 3,100 kikiwa hewani, na 1,300 kikiwa ndani ya maji. Siku kikitoa 2,200 tunajua tuko katikati kabisa, nusu ya njia toka ukavu kwenda maji. Sasa tuseme kihisi cha pili hutoa 2,800 hewani na 1,000 majini. Nacho kikitoa 2,200 iliyo sawa na ile, tumefika theluthi moja tu ya njia. Namba ni moja, maana ni mbili! Asiyeandika vipimo vya hewani na majini kwa kila kihisi atamwagilia panapotosha na kuacha panapokauka.

4. Saa. Hapa Waswahili wahitaji uangalifu zaidi. Saa 1 asubuhi kwetu ni 07:00 kwa mashine, na mashine nyingi huandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3, yaani 04:00. Jambo moja lina saa tatu. Daftari liseme waziwazi ni saa ipi iliyotumika.

5. Programu na toleo lake. Maabara ile ya MIT ilifunguliwa kwa programu ndogo za Java zilizofanya kazi ndani ya kivinjari. Mwaka 2015 kivinjari cha Chrome kiliacha kuzikubali, na mwaka 2017 wenye Java wenyewe walitangaza kwamba zinaelekea kuondolewa. Mashine zilizo mezani zaweza kuwa nzima, lakini mlango wa kuingilia ukafungwa hivi. Maabara yenye maelezo ya kazi yake huwa na pa kuanzia kujenga mlango mpya. Isiyo na maelezo huanza msingi upya.

6. Maneno ya siri. Yasiandikwe katika daftari la watu wote, bali liandikwe jina la cheo cha anayeyatunza, na maneno yaliyotoka kiwandani yabadilishwe siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliingia katika kamera na vifaa vingi sana vya nyumbani duniani, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Kisha ilivitumia vifaa hivyo kuangusha huduma za intaneti za watu wengine.

7. Habari za hitilafu. Tarehe, kilichoharibika, kilichofanywa, na jina la aliyefanya. Hitilafu ya leo iliyoandikwa ni dawa ya mwaka kesho.

Daftari hilo liandikwe kwa maneno mepesi. Kipimo chake ni hiki: mwanafunzi ambaye hajaiona maabara apewe daftari peke yake, aambiwe aiwashe. Akiweza, daftari ni zuri. Akikwama ukurasa wa pili, kosa si lake, ni la daftari, nalo lisahihishwe siku ile ile.

WEWE MKULIMA UFANYE NINI?

Kwanza, mwulize mwanao. Huhitaji kujua kompyuta ili kuuliza. Mwambie: "Fundi wa maabara yenu akihama kesho, nani ataiendesha? Imeandikwa wapi?" Akikosa jibu, mwambie aanze yeye kuandika. Kwa kuandika namna kitu kinavyofanya kazi atakijua kuliko kwa kukitumia mara mia. Tena siku atakapotafuta kazi, atakuwa na kazi ya mikono yake ya kumwonyesha mwajiri.

Pili, siku za mkutano wa wazazi usikae kimya. Uliza ni saa ngapi kwa juma mwanafunzi hushika vifaa kwa mikono, na ni saa ngapi hutumia maabara ya mbali. Uliza kama daftari la maabara lipo na kama wazazi waweza kuliona. Chuo chenye daftari zuri hakitaona aibu kulionyesha.

Tatu, jambo lenyewe liko njiani kuja kwako. Wachuuzi wa vihisi vya unyevu na vya matangi ya maji wameanza kufika mashambani. Usinunue kifaa kisicho na maandishi. Daia karatasi inayoeleza nyaya, kipimo cha hewani na majini, na mahali pa kupata kihisi kingine kikiharibika. Muuzaji akisema, "Wewe niite tu nitakuja," kumbuka kwamba simu huzimwa na watu huhama. Kisha nunua daftari la kawaida dukani, uandike tarehe uliyofunga kifaa na namba zake za kwanza.

Nne, mwanao akija likizo mpe kona ya shamba. Achomeke kihisi katika kitalu cha sukumawiki, naye kila asubuhi aandike namba ya kihisi upande mmoja, na upande wa pili uandike wewe udongo unavyoonekana ukiufinyanga kwa vidole: umeshikamana, au umemomonyoka. Baada ya majuma matatu mtakuwa na kurasa ambazo mwalimu wake wa Nairobi hana: namba za mashine zikiwa zimelinganishwa na mkono wa mkulima, katika udongo wa shamba lenu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo kwa ajili ya biashara, lakini neno lao laingia josholini, katika maziwa, na katika maabara ambayo mwanao huitazama kwa simu kutoka chumbani mwake Kongo. Basi tusiwape vijana wetu karo tu, tuwape na desturi hii. Kalamu na daftari havikosi dukani, na safari hii ukienda kununua mbegu, nunua madaftari mawili: moja lako, na moja la mwanao.